Jogoo wa Kukombolea Baiskeli ya Mjomba

Temeke, Dar es Salaam
Masika

Kaka yangu Mfaume,

Shikamoo kaka. Shikamoo tena, maana ya kwanza ni yangu na hii ya pili ni ya Hamisi, ingawa mwenyewe hajui kama nakuandikia. Hali yako vipi? Kile kifua kimetulia au mvua hizi zimekiamsha? Nakuomba usikae nje alfajiri bila shuka, nakujua ulivyo.

Mama yetu mpe shikamoo yangu, uiname karibu na sikio lake la kulia ndilo linalosikia. Mwambie Somoe anamlilia kaka yake, Mjomba Chilemba, pamoja naye. Miguu inamfikisha kisimani bado, au siku hizi anachotewa maji? Wifi yangu Mwanahawa hajambo? Mwambie kanga aliyoniagiza nimeipata, nilipanga foleni tangu asubuhi mpaka kiuno kikaniuma, ni ya rangi ya damu ya mzee kama alivyotaka, ila maneno yake siyo yale. Dada Asumini je, amekubali kuhamia kijiji kipya kwenye nyumba za mstari, au bado anang'ang'ania kulala kule mahame peke yake na mikorosho yake? Mwambie mie mdogo wake nimesema mikorosho haitakwenda popote, arudi alale penye watu. Watoto wako wote nawasalimu, Salumu, Zaituni, na yule mchanga ambaye sijamtia machoni, nasikia kachukua pua ya baba yetu. Mungu amkuze, pua hiyo ataizoea.

Sie huku wazima wa mwili. Homa ilinishika kidogo, imeniachia. Unga leo upo kesho haupo, sukari ndiyo usiseme, lakini hatujalala njaa. Moyoni ndiko kubaya, na ndiko kulikonifanya nishike kalamu.

Mwandiko usikushangaze. Barua zangu zote unazopata anaandikaga Hamisi, mie nataja yeye anaandika, na mwisho ananisomea. Hii naandika mwenyewe. Kile kisomo cha watu wazima, pale barazani kwa balozi wetu wa nyumba kumi, kimenifikisha hapa. Herufi zangu zinapanda na kushuka kama mbuzi juu ya kichuguu, lakini nadhani utazisoma. Naandika mwenyewe kwa sababu jambo lenyewe linamhusu yeye, na nisingeweza kulitaja huku nikimtazama usoni.

Simu yako ya msiba wa Mjomba Chilemba ilitufikia. Nilitaka kuja kaka, Mungu ndiye shahidi yangu. Hamisi alikwenda mpaka kwenye mabasi ya kusini, akaambiwa Rufiji imefurika, kivuko hakivuki, magari yamelala huko huko njiani. Ikabidi tuweke tanga hapa hapa Temeke, sie watu wa kwetu tunaofahamiana pamoja na majirani. Nimemlilia Mjomba nikiwa mbali na kaburi lake, na kilio cha namna hiyo hakimshibishi mtu.

Sasa nikueleze habari ya baiskeli, maana wewe uliiona ilipoondoka huko, hukuiona ilivyokuja kuwa huku. Ile kuukuu ya Mjomba, aliyompa Hamisi siku alipokuja kuaga, unaikumbuka. Tulicheka wote, tukasema mzee kamtwika mtoto mzigo wa vyuma. Kaka, ungeiona huku usingeijua. Hamisi kaijenga upya kidogo kidogo, leo ringi, mwezi mwingine mnyororo, mwezi mwingine madigadi, mpaka vya Mjomba vikabaki fremu na kengele tu. Fremu akaipaka rangi ya kijani. Ringi alikuwa akizisugua kwa jivu na kumbi la nazi mpaka zinamulika ukutani. Mnyororo ulikunywa mafuta ya cherehani. Kwenye spoki akavisha shanga za rangi rangi, ikienda inakuwa kama ua linazunguka. Siku moja nikamwambia, "Hamisi mwanangu, si uioe tu hii baiskeli tujue moja?" Akanijibu hata hakuinua kichwa, "Mahari nimeshatoa mama, bado ngoma tu."

Kazi yake ni kiwanda cha nguo, kule njia ya Pugu, unapita karibu na Vingunguti. Wenzake wanagombania basi mpaka vifungo vya mashati vinakatika, yeye anapita pembeni anawapungia mkono. Jioni anarudi hana hata jasho la hasira.

Jumapili ndiyo ilikuwa balaa. Huku kwetu Jumapili mchana magari hayaruhusiwi kutembea, kwa ajili ya shida ya petroli, basi yeye na wenzake wa baiskeli wanaona barabara yote imekuwa yao. Watakuja hapa mlangoni, wapige kengele zote kwa pamoja, moyo wangu unaruka. "Mama Hamisi, tutolee bwana harusi wetu!" Hao, wataenda mpaka Tegeta, siku nyingine mpaka Mbweni, mbali huko, pori na mihogo, wanywe madafu, warudi magharibi na vumbi mpaka magotini, wanacheka kama walevi na hakuna aliyekunywa. Nikimuuliza, jamani mnafuata nini huko? Ananiambia, "Kwenda na kurudi, mama." Basi, hakuna kingine. Mie hilo sikulielewa, na sasa ndiyo naanza kulielewa, wakati halina faida.

Nilikuwa naogopa kaka. Lori likinguruma nje nashika kifua. Kila jioni nilisimama mlangoni mpaka niisikie kengele ya Mjomba kwenye kona ya duka la mkaa, ndipo nabandika sufuria ya ugali. Kila siku maneno yangu yalikuwa hayo hayo, iache hiyo baiskeli, panda basi kama watu. Hata kwenye dua nilimwomba Mungu amtoe mwanangu juu ya baiskeli ile. Tazama nilivyojibiwa.

Ilikuwa siku ya tatu ya tanga. Wanaume walikuwa wamekwenda msikitini na Hamisi yumo, tukabaki wanawake uani na vyungu vyetu. Tuna jirani hapa, Mama Anjela, Mmakua wa Masasi, ndiye mtani wetu. Tangu siku ya kwanza hakutuacha tulie vizuri. Siku hiyo kaja kajipaka unga uso mzima, kavaa gunia, kajitupa chini mbele ya wapishi. "Chilemba umekufa! Kuku wa kusini yote leo wanacheza ngoma, adui yao kaondoka!"

Nikamwambia, "Wewe Mmakua, umekuja kulilia kuku au kumlilia mjomba wangu?"

"Nalilia fupa aliloniahidi! Nyie Wamwera mnakufa makusudi ili msilipe ahadi!"

Si unajua utani wa msibani kaka. Unalia upande mmoja unacheka upande wa pili, na Mjomba mwenyewe angeona tumemdharau kama tungemlilia kimya kimya. Nami nilikuwa nimesimulia habari zake tangu asubuhi, moyo ulikuwa umejaa yeye.

Basi katikati ya vicheko hivyo akaingia mwanamume, mrefu, mwembamba, koti kaligeuza nje ndani, kichwani kavaa ungo. Akasimama katikati ya ua akapaza sauti, "Wamwera nyie! Mie Lukasi, Mmakua wa ng'ambo ya mto, mie na Chilemba tunaonana moshi wa jikoni! Mmenizikia mtani wangu bila kuniita? Faini!"

Vigelegele vikapigwa. Mama Anjela akamrukia, "Karibu mwenzangu, hawa walikuwa wananielemea!" Akapewa uji, akauonja, akautema, akasema Wamwera wanapika uji kwa maji waliyooshea miguu. Tukacheka. Hakuna aliyemuuliza neno. Nani anamhoji mtani msibani?

Mara akaiona baiskeli imeegemezwa ukutani. "Alaa, farasi wa marehemu si huyu? Mbona mmemtia pingu? Na yeye mmemshitaki?" Maana Hamisi aliifunga kwa cheni na kufuli, na ufunguo aliniachia mie, nikaufunga kwenye pindo la kanga. "Nileteeni ufunguo nimpeleke farasi akalie barabarani, humu ndani mnamnyima nafasi!"

Kaka, pindo nililifungua mwenyewe, kwa vidole hivi vinavyokuandikia. Wanawake wanapiga makofi, mie nacheka machozi yananitoka, nikampa.

Akaipanda, akazunguka nayo uani, magoti kayatupa nje kama Mjomba, mgongo kaupinda, kengele anailiza ovyo. Halafu akafika pale penye kamteremko ka kutokea njiani. Akashuka. Akaushika usukani kama mtu anayekokota mbuzi kwa sikio, akawa anateremka hatua moja moja, anaisemesha, "Polepole mama, polepole, tusije tukauana." Kaka! Si Mjomba yule? Nani mwingine aliyekuwa akipanda kilima juu ya baiskeli na kukishuka kwa miguu? Nilianguka kwenye mkeka kwa kicheko. Nilimwona Mjomba mzima, na koti lake, na woga wake.

Alipofika njiani akageuka akapiga kelele, "Mkimtaka farasi wenu, andaeni jogoo! Sitaki tetea, jogoo, tena mwenye sauti!" Akapanda, akaliza kengele, akapinda kwenye kona ya duka la mkaa. Niliisikia kengele mpaka ikaisha.

Tukatafuta upesi jogoo wa kukombolea, kama utani unavyotaka, mwekundu, mkubwa, tukamfunga mguu kwenye nguzo ya jiko. Wanaume waliporudi, Hamisi akauliza baiskeli yake iko wapi. Wanawake wote wakamjibu kwa pamoja, "Kaitwaa mtani! Jogoo yuko tayari!" Naye akacheka. Alicheka kaka, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Akasema, "Mwambieni asiikanyage breki sana, ni mpya," akakaa kwenye jamvi na wenzake akasubiri.

Tukasubiri. Adhuhuri ikapita, alasiri ikapita, vicheko vikawa vinaondoka kimoja kimoja kama wageni. Ndipo Mama Anjela akaja akakaa karibu yangu, unga bado usoni, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama Hamisi, yule mtu mie simjui."

Nikamwambia, "Si Mmakua mwenzio?"

Akasema, "Mie nilidhani ni mtu wenu, mnamjua."

Ndivyo tulivyofanya kaka. Yeye kamkaribisha kwa sababu yangu, mie nimempa ufunguo kwa sababu yake.

Hamisi hakunigombeza. Angenigombeza ningepoa. Aliniambia tu, "Haya mama, imeshatokea," akaenda akakunja ile cheni aliyofungia, akaitundika msumarini, mpaka leo iko pale. Siku hizi anakwenda kazini kwa miguu, basi akilipata kalipata, na mara mbili amechelewa msimamizi akamsema mbele za watu. Jioni anaingia kimya, hana kengele, nashtuka nakuta mtu kasimama nyuma yangu. Nabandika ugali nikimwona, siyo nikimsikia. Sufuria inachelewa, naye anakaa anangoja.

Jumapili iliyopita wenzake walikuja, kaka, na hawakupiga kengele. Waliona haya. Mmoja akamwambia, "Kaa nyuma kwenye keria, Hamisi, tutapokezana kukubeba." Akawaambia ana shughuli. Akamkazia mmoja breki, akawajazia upepo kwa pampu yake, wakaondoka. Alibaki mlangoni na pampu mkononi mpaka vumbi likatua. Maana vilivyobaki ni pampu, kopo lake la viraka, na ile taa ya mbele aliyokuwa ameifungua aitengeneze. Nimemkuta anaisugua ile taa. Inang'aa kweli kweli, na haina pa kufungwa. Nilitamani nimwambie aende Mbweni hata kwa ndege, nami nisiulize anafuata nini.

Yeye anasema yule ni mwizi. Ananiambia, "Mama, jina la babu alilisikia pale nje, habari za kuku kazisikia kwa Mama Anjela, ungo kauokota kwetu wenyewe." Nikamwambia, na ule mteremko je? Kushuka baiskeli ikiteremka, nani alimwambia? Lazima ni mtu aliyemjua Mjomba. Hamisi akanitazama kwa huruma, na huruma ya mtoto kaka ni mbaya, akasema, "Mama, hiyo uliisimulia wewe asubuhi ile ile. Mie nilikuwa navaa viatu, nilikusikia."

Sikumbuki. Nakaa naitafuta ile asubuhi, siipati. Niliongea mengi, nililia, nilicheka. Labda nililisema na yule mtu alikuwa nyuma ya ua anasikiliza. Labda Hamisi kalisikia siku nyingine. Hapo kwenye ule mteremko ndipo nilipong'ang'ania, hapo tu.

Hamisi anataka kwenda polisi, balozi yuko tayari kufuatana naye. Mie ndiye ninayemzuia. Nimemwambia, kama yule ni Lukasi kweli, mtani wetu wa kweli, basi hakuiba, ameishikilia anangoja tumpelekee jogoo wake, pengine ameugua, pengine mji umempoteza. Tukimpeleka mtani kituoni kwa jambo la msibani tutakuwa tumevunja kitu ambacho babu zetu walikitunza, na Mama Anjela nitamtazama kwa jicho gani, naye kila siku anazunguka kwa Wamakua wenzake wa Temeke na Kinondoni anauliza na hapati. Lakini kama ni mwizi, basi kila siku ninayomzuia mwanangu ndiyo baiskeli inazidi kwenda mbali, inapakwa rangi nyingine, shanga zinakatwa. Huku nimekosea na huku nakosea. Mjomba kamwachia mtoto kitu kimoja duniani, na mie ndiye niliyekitoa, tena kwa vigelegele.

Nimemwambia asubiri neno lako wewe mjomba wake, maana mambo ya watani na ya mali ya Mjomba wewe sasa ndiye wa kuyasemea. Amekubali. Amekubali kwa heshima yako, siyo kwa ajili yangu.

Kwa hiyo kaka nakuomba. Maji ya mto wa huko kwetu yakipungua kidogo uvuke, usivuke yakiwa mengi, msiba mmoja unatutosha. Uulize kwa Wamakua wa ng'ambo kama wanaye Lukasi, mrefu, mwembamba, aliyekuja Dar es Salaam, na kama alikuwa akitaniana na Mjomba Chilemba. Akiwepo, niambie ndugu zake wa huku wanakaa wapi, nitampelekea jogoo mwenyewe kwa miguu yangu na nitampigia magoti. Asipokuwepo, niambie hivyo hivyo, usinionee huruma wala usinizungushe. Ila barua hiyo mwandikie Hamisi, siyo mie. Mwambie wewe, aende polisi. Mie kinywa changu kimeshindwa.

Nisalimie Mama yetu tena, wifi mpishi wangu wa kisamvu, dada Asumini mlinzi wa mikorosho, na wanangu wote watatu. Mkienda kaburini kwa Mjomba kufyeka, mwambieni Somoe anaomba radhi, na kwamba kengele yake ilikuwa inasikika Temeke nzima.

Yule jogoo bado nimemfunga pale pale kwenye nguzo. Sauti anayo, anatuamsha sote. Majirani wananiambia, mchinje Mama Hamisi, unamfugia nani? Jana alfajiri nikachungulia mlangoni, nikamwona Hamisi, huyo huyo anayesema yule ni mwizi, kabla hajatoka kwenda kazini kachuchumaa kwenye nguzo, anamlegezea jogoo kamba isimkate mguu, anammwagia punje za mtama. Nilirudi ndani nikakaa kitandani.

Barua za kusini nasikia sasa zinapita kwa meli, kwa hiyo usiseme utangoja barabara ikauke. Nijibu upesi kaka, hata kwa mistari miwili, yupo au hayupo, nijue huyu jogoo tumtunze au tumle.

Mimi mdogo wako ninayekungoja,
Somoe, Mama Hamisi